Kabla ya Kusafiri kwa Kazi na Mafunzo ya Mitambo ya Upepo Nje ya Nchi: Ufafanuzi kwa Vijana wa Tanga na Wazazi Wao

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu ya kazi mkoani Tanga imekuwa ikipokea malalamiko yanayofanana. Kijana, mara nyingi fundi umeme au mchomeleaji ambaye kibarua chake katika ujenzi wa bomba la mafuta kule Chongoleani kimefikia mwisho, ameahidiwa mafunzo na ajira katika mradi wa umeme wa upepo nje ya nchi, familia imechanga fedha, na aliyezipokea hapatikani tena kwa simu. Hatuandiki kumkatisha tamaa mtu yeyote, kwa kuwa kazi hizo zipo kweli, na fundi aliyesomea umeme au mitambo vizuri pale VETA anaweza kuzimudu. Tunaandika kwa sababu zina utaratibu wake, na wengi wanaokuja kwetu huja baada ya kulipa badala ya kabla.

Mfano ulio karibu nasi ni mradi wa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Karibu na Loiyangalani imesimamishwa mitambo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, ambayo kwa pamoja hutoa hadi megawati 310 hivi, mahali ambapo upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya na kuvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima. Ili mitambo ifike huko, ilibidi kwanza itengenezwe barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis, na umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Nayaeleza haya kwa sababu mzazi akisikia mwanawe anakwenda Kenya, humfikiria Mombasa, mwendo wa saa chache baada ya kuvuka Horohoro, ambako hakukosi shangazi au binamu wa kumpokea. Huko hakuna shangazi. Hali ni hiyo hiyo Dumat al-Jandal, kaskazini mwa Saudi Arabia, ambako mitambo 99 yenye jumla ya megawati 400 imesimama jangwani. Katika miradi ya namna hii mfanyakazi huishi kambini kwa wiki kadhaa mfululizo, na upepo ukizidi kiwango kilichowekwa kwa usalama haruhusiwi kupanda mnara hata kama kazi imebaki nusu. Kwa hiyo mkataba usioeleza ni nani anayelipia malazi, chakula, nauli ya mapumziko na usafiri wa mgonjwa kutoka kambini hadi hospitali haujakamilika, hata mshahara wake ukiwa mnono.

Jambo jingine ambalo mawakala wasio waaminifu hawalisemi ni kwamba ajira nyingi za miradi hii ni za kipindi cha ujenzi, yaani misingi, barabara, nyaya na kunyanyua minara. Mitambo ikishawashwa, wanaobaki ni mafundi wachache wa matengenezo na walinzi. Muulize mwajiri unaajiriwa kwa kipindi kipi, na jibu lake liandikwe.

Kuhusu mafunzo, miradi mingi mikubwa hufuata viwango vya shirika la kimataifa la Global Wind Organisation, lililoanzishwa mwaka 2012 na watengenezaji na wamiliki wa mitambo. Mafunzo ya msingi ya usalama yana sehemu za huduma ya kwanza, kubeba mizigo kwa usahihi, tahadhari ya moto na kufanya kazi kwenye urefu. Sehemu ya kujiokoa baharini ni ya wale wanaokwenda kwenye mitambo iliyojengwa baharini. Vyeti hivi hudumu miezi 24, na mwenye navyo hurudia mafunzo mafupi kabla muda haujaisha. Kila mhitimu ana namba yake katika kanzidata iitwayo WINDA, ambako kumbukumbu za mafunzo yake huingizwa na chuo chenyewe. Kujisajili humo hakumgharimu mwanafunzi, na mwajiri huitumia namba hiyo kuhakiki. Hivi karibuni niliwekewa mezani cheti cha rangi, kimefunikwa nailoni, kinachodai kuwa mwenyewe alihitimu sehemu zote hizo, pamoja na ya baharini, kwa siku moja, ilhali alikuwa ameahidiwa kazi jangwani. Namba ya WINDA haikuwamo. Kijana alikilipia kwa fedha za kuuza pikipiki yake.

Naomba hili lieleweke vizuri, kwa maana tumelieleza mara nyingi: cheti cha usalama si ajira, na barua ya kukubaliwa mafunzoni si kibali cha kazi. Pia, anayetumia cheti akijua kuwa ni cha kughushi hawezi kujitetea kuwa aliuziwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatoa kifungo cha hadi miaka saba kwa kughushi nyaraka, na anayeiwasilisha kwa kujua huadhibiwa sawa na aliyeighushi.

Utaratibu ni huu. Kwanza, kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka mkataba wa mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya Jamhuri ya Muungano uwe wa maandishi. Maneno ya simu na picha za minara hayatoshi. Pili, wakala wa ajira lazima awe na leseni inayotolewa na mamlaka ya kazi, na leseni ya biashara ya duka au ya usafirishaji haichukui nafasi yake. TaESA, yaani huduma ya ajira ya serikali, au ofisi ya kazi inaweza kukuthibitishia jina lake. Tatu, kibali cha kazi cha nchi unayokwenda kishughulikiwe na mwajiri kabla hujaondoka. Wako wanaoamini kwamba ujirani wetu wa Afrika Mashariki unatosha na kwamba pasi ya matembezi iliyogongwa mpakani inaruhusu kazi. Hairuhusu, na anayekamatwa akifanya kazi kwa pasi hiyo huweza kushtakiwa na kurudishwa nyumbani. Nne, pasipoti ikae mikononi mwako. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inahesabu kuzuiliwa au kuharibiwa kwa hati ya kusafiria ya mtu kwa lengo hilo kuwa ni kosa, na ridhaa aliyoitoa mwathirika mwanzoni haimwondolei hatia aliyemdanganya.

Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000, na hulipwa serikalini kwa namba ya malipo. Mtu anayekudai malaki ya "kushika nafasi" kabla hujauona mkataba usimlipe. Mletee ofisa kazi mkataba huo ausome kwanza, hata ukiwa bado haujasainiwa, kwani ni rahisi kwetu kukushauri ukiwa bado uko Ngamiani kuliko ukiwa Marsabit. Aliyekwisha kulipa asifute ujumbe wa muamala kwenye simu yake wala mazungumzo yake na wakala, na aende navyo kituo cha polisi kilicho karibu kufungua jalada bila kungoja ahadi ya kurudishiwa.