Barbro Westerholm hakuwahi kuwa waziri wa afya

Wengi wakisikia kwamba mwaka 1979 daktari Barbro Westerholm aliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa nchini Uswidi, hudhani alikuwa waziri, au kwamba bunge lilipitisha sheria. Hapana. Sheria ilikwishabadilika mwaka 1944, mahusiano hayo yalipoacha kuwa kosa la jinai. Kilichobaki ni namba tu, 302.0, katika orodha ya magonjwa iliyotumiwa na madaktari.

Westerholm, msomi wa chuo kikuu cha tiba cha Karolinska Institutet, alikuwa mkurugenzi mkuu wa Socialstyrelsen, mamlaka inayosimamia afya na ustawi wa jamii. Agosti 29 wanaharakati walikalia ngazi za ofisi zake. Akashuka kuzungumza nao, na Oktoba namba ile ikafutwa. WHO ilifuata mwaka 1990.

Mkanganyiko unatokana na kudhani kuwa mkuu wa idara ni mtumishi wa kupokea amri za waziri. Uswidi si hivyo. Katiba yao, sura ya 12, inakataza hata bunge kuielekeza mamlaka iamueje kesi ya mtu mmoja mmoja au itumieje sheria. Serikali hutoa bajeti na maelekezo ya jumla, basi. (Ndiyo maana mwaka 2020 aliyeonekana mbele ya umma kuhusu korona huko alikuwa Anders Tegnell, mtaalamu, si waziri.)

Ubunge wa Westerholm kwa tiketi ya chama cha kiliberali ulikuja baadaye, mwaka 1988. Aliustaafu mwaka 2022, akiwa na miaka 89.