Mayai viza

Nilipoanza kulea vipepeo hapa Kampala, mayai yaliyobaki bila kuanguliwa niliyafuta kwa kitambaa. Niliyaona ni viza tu, nikadhani nimeyaweka juani au nimeyanyima unyevu. Leo hayo ndiyo ninayoyathamini kuliko yote.

Ninayemlea ni Acraea encedon, kipepeo wa rangi ya chungwa arukaye polepole. Kila jike ana kopo lake lililofunikwa chandarua. Kazi yetu ya kila siku ni kuchuma majani mabichi, kusafisha kinyesi cha viwavi na kuandika tarehe. Kisha vipepeo wapya wanatoka, na kwenye baadhi ya makopo ni majike watupu!

Jambo hili lina historia hapa Uganda. Miaka ya 1960 Denis Owen, aliyekuwa akifundisha Makerere, aliandika juu ya makundi ya kipepeo huyu yenye majike wengi kupita kiasi. Maelezo ya kwanza yalihusu kromosomu, nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli. Kwa vipepeo, mama ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana, basi ilidhaniwa kwamba anarithisha ile ya kike peke yake. Ni hoja nzuri, ila kama ingekuwa kweli mayai yangeanguliwa karibu yote. Kwa mama wa namna hii huanguliwa chini ya nusu. Watafiti walilionyesha hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, tena wakaona kwamba antibiotiki huiondoa hali hiyo.

Mayai yasiyoanguliwa ni ya madume, na anayewaua ni bakteria, Wolbachia. Anaishi ndani ya seli na hupita kwa watoto kupitia yai la mama. Mtoto wa kiume hawezi kumfikisha kizazi kijacho, kwa hiyo hufa angali ndani ya yai, na dada zake wanapunguziwa wa kugombania nao chakula.

Kinachonigusa zaidi kiko nje ya maabara. Pale madume yanapoadimika, majike hukusanyika kwenye nyasi za vilele vya vilima, wakishindania madume wachache. Ukimpasua jike wa pale, mara nyingi hukuti kifuko cha mbegu za dume: hajapandwa kamwe.

Mwanafunzi mpya akija simpi wavu kwanza. Namkalisha kwenye hadubini na jani lenye mayai, ahesabu maganda matupu, kisha ahesabu yale yaliyobaki mazima.