Je, Mtengenezaji Anaweza Kuuhujumu Mchezo Wake Mwenyewe?

Mimi ni mwandishi wa programu za michezo ya video, na kila linapotoka sasisho kubwa huulizwa swali lile lile na vijana wanaocheza: hawa watu wameuharibu mchezo makusudi? Husema kwamba adui amekuwa mgumu ghafla, picha inakwama, na bunduki iliyokuwa ikilenga vizuri jana leo haigusi kitu. Wanaamini kwamba yuko mtu ofisini aliyekaa akaamua iwe hivyo. Mara nyingi jibu langu huwa hapana, ingawa hujuma ya kweli ipo pia, na kwa kawaida imefichwa mahali ambapo mchezaji aliyelipa pesa yake hatarajiwi kufika.

Nianze na hiyo hapana. Mwaka 2013 ulitoka mchezo wa Aliens: Colonial Marines, uliotengenezwa na Gearbox na kusambazwa na Sega. Viumbe waliopaswa kumtia mchezaji hofu walikuwa wakimkimbilia moja kwa moja kama kuku walioona mtama ukimwagwa, bila kujibanza wala kumzunguka kwa nyuma. Wanunuzi walihisi wametapeliwa, na kesi ikafunguliwa Marekani kwa madai kwamba maonyesho yaliyotangulia mauzo hayakufanana na bidhaa yenyewe. Miaka kadhaa baadaye, mchezaji mmoja aliyekuwa akipekua faili la mipangilio akagundua kwamba neno Tether, linaloufanya mfumo umfungamanishe kila kiumbe na eneo lake la mapigano, lilikuwa limeandikwa Teather. Ilizidi herufi moja tu, a. Mfumo ulilitafuta jina hilo, haukulipata, ukaendelea na shughuli zake kimya kimya, na viumbe wakabaki bila maelekezo ya wapi pa kujificha. Habari hiyo ilienea mwaka 2018, na yeyote aliyekuwa na mchezo huo kwenye kompyuta aliweza kuifuta herufi hiyo mwenyewe na kuona adui zake wakipata akili. Sidai kwamba mchezo wote uliangushwa na herufi moja, kwa maana ulikuwa na matatizo mengine mengi, lakini kosa la aina hii ndilo ninalokutana nalo kazini kila wiki, na kwa mtu aliye nje haliwezi kutofautishwa na hila.

Yapo pia mambo yanayofanywa na mfanyakazi mmoja bila mwajiri wake kujua. Mwaka 1996 mwandishi wa programu wa kampuni ya Maxis, Jacques Servin, alipenyeza ndani ya SimCopter wanaume waliovaa nguo za kuogelea ambao walikuwa wakibusiana. Alikusudia waonekane kwa nadra, ila kanuni yake ya kuchagua namba za bahati nasibu ikakosea, wakatokea makundi kwa makundi, kampuni ikagundua na yeye akafukuzwa kazi. Hata mhujumu ana makosa yake ya programu.

Hujuma iliyopangwa na kampuni nzima kwa kawaida huwalenga wenye nakala za wizi, na mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Spyro: Year of the Dragon, uliotengenezwa na Insomniac kwa ajili ya PlayStation na kutolewa mwaka 2000. Nilikutana nao utotoni katika kibanda cha PlayStation mtaani kwetu Dar es Salaam, ambako diski zote zilikuwa za kuchoma na mashine zilikuwa zimefungwa chipu ya kuzisoma. Tulikuwa tukikusanya mayai ya joka, ambayo ndiyo kazi kubwa ya mchezo huo, na kesho yake tunakuta mengine yametoweka. Tulimlaumu mwenye kibanda kwamba memori kadi zake ni mbovu, naye akatushutumu kwamba tunazichomoa kabla mchezo haujamaliza kuhifadhi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemzingatia kiumbe mdogo mwenye mabawa aitwaye Zoe, ambaye ndani ya mchezo huo humwambia mchezaji waziwazi kwamba nakala yake huenda imechezewa. Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha.

Mtego wenyewe ulifanya kazi hivi. Programu huchukua kipande cha msimbo wake, yaani maelekezo inayoyafuata, hujumlisha thamani za baiti zake zote, yaani namba ndogo ndogo zinazouunda, kisha hulinganisha jumla hiyo na namba iliyohifadhiwa tangu kiwandani, kama mwenye duka anayehesabu droo jioni na kulinganisha na daftari. Mtu akibadilisha baiti moja ili kuondoa kinga dhidi ya kunakiliwa, hesabu hukataa. Mvunjaji mzoefu, yaani anayeziondoa kinga hizo, angeweza kumtafuta mhesabuji huyo na kumfuta, kwa hiyo waandishi waliweka wahesabuji wengi wanaopishana, kila mmoja akimlinda mwenzake. Lakini ujanja mkubwa ulikuwa katika adhabu. Mchezo ukizima papo hapo, mvunjaji anajua pa kuangalia. Mayai yakipotea saa kadhaa baadaye, lugha ikibadilika ghafla, na faili la mchezaji likifutwa anapofika kwa adui wa mwisho, inambidi aucheze mchezo mzima ndipo ajue kama kazi yake imekamilika. Mwandishi wa kinga hiyo, Gavin Dodd, alieleza mwaka 2001 kwamba shabaha yao ilikuwa kuchelewesha tu, kwa sababu mauzo mengi hufanyika katika miezi ya mwanzo. Mchezo uliotangulia katika mfululizo huo ulivunjwa baada ya wiki moja na kidogo. Huu uliwachukua wavunjaji zaidi ya miezi miwili.

Ufundi huo una gharama yake. Mwaka 2006 ulitoka Titan Quest wa kampuni ya Iron Lore, ukiwa na ukaguzi uliofungamanishwa na mfumo wa majukumu ya mchezaji: jukumu fulani likianza, programu hujikagua, na nakala ikiwa ya wizi mchezo hujifunga bila maelezo yoyote. Nakala za wizi zilikuwa zimesambaa kabla hata ya siku ya mauzo. Matokeo yake, wa kwanza kuusema mchezo huo hadharani walikuwa wezi, na walichosema ni kwamba unaanguka pindi unapotoka kwenye pango la kwanza. Iron Lore ilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2008, na Michael Fitch wa THQ, waliokuwa wasambazaji, alieleza kwa uchungu jinsi sifa hiyo ya ubovu ilivyowaumiza. Mtego ulinasa mwizi, na mwizi akaenda sokoni kutangaza kwamba duka linauza vitu vibovu.

Kwa sababu hiyo nawapenda zaidi Patrick na Daniel Klug wa Greenheart Games, ambao mwaka 2013 waliipakia wenyewe nakala ya wizi ya Game Dev Tycoon, mchezo wa kuendesha kampuni ya kutengeneza michezo. Katika nakala hiyo, kampuni ya mchezaji hufilisika kwa sababu watu wanaiba michezo yake. Siku ya kwanza walihesabu wachezaji 3,104 wa nakala hiyo dhidi ya 214 walionunua. Muhimu kwangu ni kwamba mtego ulikaa katika nakala yake peke yake, mbali na nakala ya mteja.

Nasema hivyo kwa kuwa nimewahi kuumia. Katika kampuni moja niliyofanya kazi, mchezo wetu wa magari ulikuwa ukiulizia leseni kwenye seva, na ukikosa jibu mara tatu, gari lilianza kuvuta kushoto taratibu. Hatukufikiria kuhusu mteja aliyelipa ambaye bando lake limeisha. Malalamiko ya usukani mbovu yalikuja kwa wingi, nasi tukatumia karibu wiki mbili tukipekua hesabu za matairi na msuguano, kwani aliyeuandika mtego alikuwa ameshaondoka na hakuacha maelezo.

Ipo aina ya mwisho, inayomgusa mlipaji moja kwa moja. Middle-earth: Shadow of War wa mwaka 2017 uliuza wapiganaji kwa pesa halisi, huku sehemu yake ya mwisho ikidai kazi ndefu ya kuchosha kwa asiyenunua. Mwaka uliofuata watengenezaji, Monolith, waliliondoa soko hilo na kukiri kwamba lilikuwa likiudhoofisha mfumo uliokuwa roho ya mchezo wao. Hapo neno hujuma silikatai.

Siku hizi kijana akinijia na tuhuma zake, kwanza humwuliza nakala ameipata wapi. Mwezi uliopita mmoja alinionyesha risiti kabisa, akasisitiza kwamba kampuni inamfutia hatua zake kila usiku ili anunue nyingine. Tukafungua mipangilio ya simu yake pamoja. Hifadhi ilikuwa imejaa video, zimebaki megabaiti 40, na mchezo ulikuwa unashindwa kuandika faili lake.