Baridi ya Julai haikanushi joto la dunia

Kila Julai, abiria wa matatu jijini Nairobi wakiwa wamejikunyata ndani ya masweta, hakosi mmoja wa kuuliza joto la dunia linalohubiriwa liko wapi, na haraka hii yote ya kukabiliana nalo ni ya nini. Swali hilo, ambalo si la kipuuzi, huchanganya hali ya hewa ya siku na tabianchi, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mawingu ya Juni hadi Agosti huzuia jua. Wastani wa dunia, hata hivyo, umepanda kwa zaidi ya nyuzijoto 1 ya Selsiasi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kila nyuzijoto inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, mvuke ambao baadaye hushuka kwa kishindo kama mvua kubwa.