Taa ya Injini Inayorudi Kila Ikifutwa: Namna ya Kulichunguza Gari Lenye Umri Mkubwa

Gari la miaka mingi linapoletwa kwangu huku taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, mara nyingi huwa limekwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa, na mwenye gari huwa na orodha ya vipuri vilivyokwisha kubadilishwa: sensa ya oksijeni, plagi, koili, pengine hata pampu ya mafuta. Taa ilizimwa, ikakaa siku chache, kisha ikawaka tena. Ukifuatilia chanzo cha usumbufu huo, utakuta kwamba msimbo uliosomwa kwenye skana, yaani chombo cha kusomea hitilafu za gari, ulichukuliwa kuwa ni jina la kipuri kibovu, ilhali msimbo hueleza jambo moja tu, nalo ni kwamba kipimo fulani kimetoka nje ya mipaka ambayo kontrolboksi ya injini (kompyuta inayoiongoza) imewekewa. Kati ya kipimo hicho na kifaa kilichoharibika kuna kazi ya uchunguzi, na hiyo ndiyo kazi inayorukwa.

Kwanza itazame taa yenyewe. Ikiwa imewaka na kutulia, na gari linaendeshwa kama kawaida, una muda wa kuchunguza. Ikiwa inawaka na kuzima kwa kupepesa, injini inamisi, yaani baadhi ya silinda haziwaki, kiasi cha kupeleka petroli isiyoungua kwenye masega ya ekzosi (kifaa kinachosafisha moshi), ambako petroli hiyo huungulia na kuyapandisha joto mpaka yaweze kuyeyuka. Gari la namna hiyo halifai kuendelea kukimbizwa. Punguza mwendo, usilikanyage kwa nguvu, na ulisimamishe mara upatapo mahali salama.

Umri wa gari ndio unaoamua utatumia chombo gani. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia toleo la mwaka 1996 yalilazimika kuwa na mfumo wa pamoja wa gari kujichunguza, OBD-II, wenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, na Umoja wa Ulaya uliweka sharti linalofanana na hilo kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na utaratibu wake. Katika Toyota nyingi za wakati huo, kwa mfano, huunganishwa pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ikafunguliwa bila kuwasha injini, kisha taa huhesabiwa inavyopepesa: mara mbili, pumziko, halafu mara moja ni msimbo 21, unaohusu saketi ya sensa ya oksijeni, na mara mbili kwa mara mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Mifumo hiyo ya zamani haitoi vipimo vingi, kwa hiyo kazi kubwa hubaki kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, na jicho la fundi.

Ninawasihi wasomaji jambo moja kwa dhati: msifute msimbo kabla ya kunakili kila kitu kilichohifadhiwa pamoja nao. Hitilafu inaporekodiwa, kontrolboksi huhifadhi pia hali ya injini ya dakika ile ile, yaani mizunguko kwa dakika, joto la maji, mzigo wa injini, mwendo wa gari na marekebisho ya mafuta (asilimia ya petroli ambayo kontrolboksi inaongeza au kupunguza). Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokueleza kama hitilafu ilitokea injini ikiwa baridi na gari limesimama, au ikiwa imepata moto na gari linapanda mlima, na ukishaifuta huipati tena mpaka hitilafu irudi. Kufuta vilevile huirudisha nyuma hesabu ya vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe, na kwa kuwa hitilafu nyingi huhitaji kuonekana katika safari mbili mfululizo kabla ya taa kuwaka, utulivu wa siku mbili tatu baada ya kufuta si dalili ya kupona.

Nitachukua msimbo P0171, kwa sababu ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi gari kuukuu linavyoweza kumpoteza fundi. Maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, na kwa vile taarifa hiyo hutoka kwenye sensa ya oksijeni, sensa hiyo ndiyo hununuliwa kwanza, ingawa mara nyingi inasema kweli tupu. Fungua ukurasa wa vipimo vya moja kwa moja kwenye skana uangalie marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Katika injini yenye afya, jumla yake hucheza karibu na sifuri, na mpaka wa asilimia 10 juu au chini huvumilika. Sasa iache injini ingurume kwenye sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, usome. Kisha ipandishe hadi mizunguko kama 2,500 kwa dakika na uishikilie hapo, usome tena.

Ikiwa marekebisho yalikuwa asilimia 20 kwenye sailensa na yakashuka hadi 5 mizunguko ilipopanda, hewa inaingia kwa njia ya wizi baada ya sensa ya hewa, ile inayopima hewa iingiayo injini. Tundu lile lile ambalo ni kubwa wakati injini inavuta hewa kidogo huwa si kitu inapovuta nyingi. Tafuta kwenye mipira midogo ya vakyumu, kwenye gasketi ya manifoldi, kwenye mpira wa haidrovaki ya breki (kisaidizi cha kukanyaga breki), na kwenye bomba la mpira linalotoka boksi la filta ya hewa kwenda kwenye throto, mlango wa hewa wa injini. Bomba hili likunjue kwa mikono, maana nyufa zake hujificha ndani ya mikunjo upande wa chini, na ukilitazama kwa juu tu utaapa kwamba ni zima. Moshi maalumu wa kupimia uvujaji ndio njia bora na salama. Kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini yenye moto ni kukaribisha ajali.

Hali ikiwa kinyume, yaani marekebisho ni mazuri kwenye sailensa lakini yanapanda injini inapobebeshwa mzigo, basi hewa inayoingia ni ya halali ila petroli haitoshi au hewa inahesabiwa pungufu. Hapo ndipo pa kupima presha ya pampu, kuangalia filta ya mafuta na kusafisha sensa ya hewa. Ekzosi iliyotoboka mbele ya sensa ya oksijeni nayo huvuta hewa ya nje na kuidanganya sensa, kwa hiyo sikiliza mlio wake kabla injini haijapata moto.

Msimbo P0420, unaosema masega hayasafishi moshi ipasavyo, unastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu masega ni ghali na mara nyingi hulaumiwa peke yake. Sensa ya kawaida ya oksijeni iliyo mbele ya masega hupanda na kushuka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9, na ya nyuma inapaswa kutulia. Ikiwa ya nyuma inaiga ya mbele, hakikisha kwanza ekzosi haivuji, ndipo uyahukumu masega. Hata yakithibitika kufa, uliza yameuawa na nini. Injini inayokula oili au iliyomisi kwa muda mrefu itayaua na mapya pia.

P0128, yaani maji ya injini hayafiki joto linalotakiwa, kwa kawaida haisumbui: maji ya rejeta yakiwa kamili, themostati (vali inayodhibiti joto la maji) iliyokwama wazi ndiyo hushukiwa kwanza.

Panapokuwa na misimbo mingi isiyohusiana, mimi huacha sensa zote na kwenda kwenye nyaya. Injini ikinguruma na taa kubwa zikiwashwa, weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ukisoma zaidi ya takriban volti 0.2, waya wa ethi, yaani unaorudisha umeme kwenye betri, umeliwa na kutu au haukubanwa sawasawa, na sensa zinazotegemea ethi hiyo zitatoa taarifa za uongo bila zenyewe kuwa na kosa.

Baada ya matengenezo, futa msimbo, kisha liendeshe gari katika hali ile ile iliyonakiliwa: kama hitilafu ilirekodiwa kwenye mteremko wa asubuhi na injini baridi, mzunguko wa mchana mjini hautathibitisha chochote. Angalia kwenye skana kama vipimo vya ndani vimekamilika na kama kuna msimbo unaosubiri, yaani hitilafu iliyoonekana lakini haijawasha taa. Marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yakianza kupanda tena, rudi kwenye uchunguzi siku hiyo hiyo, kwa kuwa yatakuonya kabla taa haijawaka.