Vekta ni nini, na kwa nini mchapaji wa bango anaiulizia?

Umemtumia mchapaji nembo yako. Kwenye simu inapendeza, kila mstari umetulia. Jibu linarudi: "Una vekta?" Wengi hapo huichukua picha ileile, wakaitia ndani ya PDF na kuituma tena. Mchapaji naye huuliza tena.

Vekta ni mchoro uliohifadhiwa kama maelekezo. Faili linasema: anzia nukta hii, pinda hivi, fika nukta ile, jaza nyekundu. Kompyuta huyasoma na kuchora upya kila mara, iwe kwenye kadi ya biashara au bendera ya mita 4, na ukingo hubaki mkali. Hesabu za mipindo hiyo zilitoka kwa watengeneza magari wa Ufaransa waliotaka kuchora bodi: Paul de Casteljau wa Citroën alizipata mwaka 1959, lakini Pierre Bézier wa Renault ndiye aliyezitangaza, na mipindo ikabaki na jina lake.

Picha ya JPEG au PNG haina maelekezo. Ina vidoto vya rangi, yaani pikseli, na idadi yake imeshafungwa. Chukua nembo yenye upana wa pikseli 800 uitandaze kwenye bango la mita 2: kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 2.5. Hicho ni kijiraba, yaani mraba mdogo, kinachoonekana bila kuinama. Programu ikijaribu kuvilainisha vijiraba hivyo, herufi zinaota ukungu pembeni. Wapo wanaofungua programu na kubadili pikseli 72 kwa inchi kuwa 300, wakidhani wameongeza ubora. Pikseli zinazoongezeka hapo zimekisiwa na programu tu.

Picha ya kamera ni suala jingine. Uso wa mtu hauhitaji kuwa vekta. Kwa kuwa bango hutazamwa kwa mbali, pikseli 100 kwa kila inchi ya ukubwa halisi kwa kawaida zinatosha. 300 ni za kijitabu kinachosomwa mkononi. Kwa bango letu la mita 2, hizo 100 kwa inchi ni kama pikseli 7,900 kwa upana. Tuma picha kama ilivyotoka kwenye kamera, maana programu za ujumbe huibana.

Jina la faili lisikudanganye. PDF na EPS ni vyombo, na ndani yake unaweza kutia vekta, picha, au vyote viwili. Fungua faili, likuze hadi asilimia 1,000 au zaidi, utazame ukingo wa herufi. Ukibaki kama wembe, ni vekta. Vikitokea vijiraba, ni picha iliyovalishwa kanzu.

Hata vekta halisi huweza kuharibikia kwenye fonti, yaani mtindo wa herufi. Kama kompyuta ya mchapaji haina fonti uliyoitumia, itaweka nyingine, na jina la shughuli yako litatoka na sura usiyoijua. Ndiyo maana unaombwa ugeuze herufi ziwe maumbo. Ila hifadhi kwanza nakala ambayo bado inaharirika, kwa sababu umbo halirekebishiki tahajia, na makosa ya tahajia yana tabia ya kuonekana dakika ya mwisho.

Bendera ina jambo lake ambalo vekta hailitatui. Kwenye kitambaa cha tabaka moja wino hupenya, na nyuma maneno yanasomeka kinyume. Ukitaka yasomeke pande zote mbili, sema mapema, kwani zitahitajika tabaka mbili zenye kizuizi cha mwanga katikati. Na upande wa mlingoti hushonwa mfuko, kwa hiyo nembo isiusogelee.

Na kama ulichonacho ni JPEG tu? Mtafute kwanza aliyebuni nembo. Mara nyingi analo faili la asili. Akikosekana, lipa mtu aichore upya kwa mkono kama vekta. Kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta chenyewe huweza maumbo makubwa ya rangi moja, lakini maneno madogo chini ya nembo huyatoa yamevimba.