Ateri kukakamaa: maana yake, na jinsi jeni zinavyohusika

Wengi wakiambiwa ateri za mtu (mishipa inayotoa damu moyoni) zimekakamaa, hudhani zimeziba kwa mafuta. Ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi huandamana. Mafuta hujikusanya upande wa ndani wa ateri na kubana njia ya damu. Kukakamaa ni tatizo la ukuta wenyewe: njia yaweza kuwa wazi kabisa, lakini ukuta hautanuki tena ipasavyo moyo unaposukuma damu.

Kutanuka huko ni kazi kubwa. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo hutoa damu kwa mkupuo, ilhali viungo vinataka damu itiririke bila kukatika. Aota, ateri kuu itokayo moyoni, hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu hiyo, kisha hujirudi na kuisukuma mbele wakati moyo umepumzika. Ikikakamaa, namba ya juu ya presha hupanda na ya chini hushuka. Ndiyo maana mzee anaweza kupimwa akakutwa na 170 kwa 70. Ile 70 isitufurahishe upesi. Misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati wa mapumziko hayo, na presha ikishuka mno moyo wenyewe hupunjika.

Ndani ya ukuta wa ateri kuna protini mbili za kuzifahamu. Elastini ni mfano wa mpira wa manati: inavutika na kurudi. Kolajeni ni mfano wa kamba ya katani: imara sana, lakini haivutiki. Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni kwamba karibu elastini yote ya aota hutengenezwa tukiwa tumboni na katika miaka ya mwanzo ya utoto. Baadaye mwili huongeza kidogo mno. Mpira ule ule hutumika hadi uzeeni, na kwa mapigo zaidi ya milioni 30 kila mwaka, nyuzi zake huanza kukatika. Mzigo huhamia kwenye kolajeni. Sukari iliyozidi kwenye damu huzigandisha nyuzi za kolajeni zenyewe kwa zenyewe, na kalsiamu hujipachika ukutani, hasa kwa wenye ugonjwa wa figo.

Jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, huingia hapa, kwa kuwa ndizo zinazoamua mpira huo umefumwaje. Jeni ya elastini iko kwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 7. Watoto wenye hali iitwayo Williams hukosa nakala moja ya jeni hiyo pamoja na jeni nyingine za jirani. Wengi wao aota huwa nyembamba juu kidogo ya moyo, na presha huweza kupanda wangali wadogo. Kuna pia ugonjwa wa jeni ya ABCC6, ambapo kalsiamu huzivamia nyuzi za elastini kwenye ngozi, macho na ateri.

Unaojulikana zaidi ni ugonjwa wa Marfan, ulioitwa kwa jina la Antoine Marfan, daktari wa watoto wa Ufaransa aliyeeleza mwaka 1896 habari za msichana mwenye vidole na viungo virefu vyembamba. Jeni ya ugonjwa huo, ya protini ya fibrilini inayoshikilia elastini, ilitambuliwa mwaka 1991 kwenye kromosomu ya 15. Mzazi mwenye ugonjwa huu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Aota hukakamaa na papo hapo hudhoofika, ikipanuka taratibu hadi inaweza kuchanika. Kwa hiyo ukoo wenye watu warefu sana wa vidole virefu, lenzi za macho zilizohama, au ndugu aliyekufa ghafla kwa aota kuchanika, unastahili kupimwa moyo kwa ultrasaundi. Ikigundulika mapema, dawa za kupunguza nguvu ya mapigo husaidia, na aota inapofikia upana wa kama sentimita 5, madaktari wapasuaji huweza kuiondoa sehemu iliyopanuka na kuweka mrija bandia kabla haijachanika.